Nina pointi 7, niombe digrii ya uuguzi chuo gani?

Matokeo ya fomu siksi yakishatoka tu barua zinakuja mfululizo, na safari hii karibu zote ni za uuguzi. Nimechukua nne, ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu naona humo ndani kuna wengi.

Shikamoo dada. Mimi ni binti wa miaka 20 niko Kahama, nimemaliza fomu siksi PCB nikapata divisheni two ya pointi 11, yaani Kemia C, Baiolojia C, Fizikia E. Toka mdogo nataka kuwa nesi. Mjomba anasema niombe Muhimbili tu basi, cheti cha pale ndo kinaheshimika. Rafiki yangu anasema nisihofu, wanataka pointi 6 mi nina 11 kwahiyo nimevuka mbali. Shangazi yeye anasema niachane na digrii niende diploma nimalize haraka nisaidie wadogo zangu. Hela ya kuombea vyuo mama ameuza gunia la mpunga ndo ikapatikana, sitaki ipotee bure. Nisaidie dada yangu. — Binti wa Kahama

Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa matokeo. Mama nae mpe hongera yake. Hilo gunia la mpunga nimeliwaza usiku kucha, ndo maana nataka tuende taratibu.

Tuanze na hizo pointi maana rafiki yako amekuchanganya, ila simlaumu, kila mwaka naona hili kosa. Pointi 11 ni za divisheni, za NECTA (baraza la mitihani), na kule A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, kwahiyo ukiwa na chache ndo umefaulu zaidi. Vyuo vikuu vinahesabu kinyume chake, A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Sasa chukua zako, Kemia 3, Baiolojia 3, Fizikia 1, jumla 7. Ile 6 uliyosikia ni ya hesabu hii ya pili. Kwahiyo umevuka kwa pointi moja, sio tano, na ni vizuri ulijue hilo leo kuliko kulijua mwezi wa kumi wenzako wameshapanga hosteli.

Halafu ile 6 yenyewe ina masharti yake ndani. Mwongozo wa TCU (tume ya vyuo vikuu) kwa digrii ya uuguzi unataka Kemia isipungue C, Baiolojia isipungue D, na somo la tatu angalau E, na hilo la tatu linaweza kuwa Fizikia, hesabu ya juu, lishe au Jiografia. Umepita yote. Lakini nikupe mfano uone ilivyo, mtu wa CBG mwenye Baiolojia B, Jiografia C na Kemia D ana divisheni one kabisa ya pointi 9, nyumbani kwao wamechinja kuku, na kwenye uuguzi anakwama kwa ile D ya Kemia. Nimewahi kukaa na kijana wa namna hiyo kwenye benchi pale nje ya ofisi ya udahili, ameshika karatasi ya matokeo anaikunja anaikunjua, hakuelewa kwanini mwenye divisheni two amepita yeye kabaki. Kabla hujalipa popote fungua mwongozo wa mwaka huu huu unaoomba (upo kwenye tovuti ya TCU, bure), sio wa mwaka juzi aliokutumia mtu kwenye grupu, maana masharti huwa yanarekebishwa.

Sasa Muhimbili. Mjomba hajakosea kuisifia, chuo kimeanza kufundisha madaktari mwaka 1963 na kimekuwa chuo kikuu kamili mwaka 2007, na mwanafunzi wa pale ana hospitali ya taifa mlangoni, ana taasisi ya mifupa ya MOI, ana ya moyo ya Jakaya Kikwete, anaona vitu ambavyo kwingine utavisoma kwenye kitabu. Shida ni foleni. Ukisema kiwango cha chini ni 6 maana yake ni kwamba mwenye 6 anaruhusiwa kupanga mstari, chuo kinaanza kuchukua kutoka mbele kwa wenye pointi nyingi mpaka nafasi ziishe, na kwenye ule mstari kuna watu waliojaza udaktari chaguo la kwanza na uuguzi la pili, wana A na B, wakikosa udaktari wanashukia kwenye uuguzi na kukaa mbele yako. Kwenye mwongozo utaona kila kozi imeandikiwa idadi ya nafasi, iangalie hiyo namba halafu jiulize kwa ukweli wenye 7 wako wapi kwenye ule mstari. Mimi maoni yangu, kuomba Muhimbili peke yake ukiwa na 7 ni kuliweka gunia zima la mama sehemu moja. Omba kama roho inataka, ila iwe moja kati ya tatu, hizo nyingine mbili ziwe sehemu ambazo 7 ina nguvu.

Na hapa ndo kuna jambo ambalo ningetamani kila binti na kijana anayeomba uuguzi alisikie. Watu wanachagua chuo kwa jina, wanachagua kwa mji, wanachagua kwa sababu rafiki yupo, hawaulizi wodi. Nesi hatengenezwi darasani mdogo wangu. Darasani anapewa maneno, mikono anaipata wodini.

Nilishasimamia wanafunzi leba, kwahiyo hiki nakwambia nimekiona. Siku moja mama amelala kitandani uchungu umemkolea, wamekuja wanafunzi wanane kutoka vyuo tofauti, wamemzunguka, mmoja ndo ameshika ile pembe ya kusikilizia mapigo ya mtoto, wengine saba wanachungulia juu ya bega la mwenzao. Nikamuuliza mmoja alikuwa mwaka wa tatu, umeshazalisha wangapi? Akaangalia chini. Akaniambia kwa sauti ndogo, nimeona kumi na mbili sista. Ameona. Kitabu chake cha mazoezi kina nafasi za kusainiwa na nyingi ziko wazi, na sio mvivu yule binti, amekosa kitanda tu. Mwaka huo huo nilipelekwa kusaidia hospitali ya mkoa mmoja, pale usiku wanafunzi ni wawili tu shifti nzima, wanapima, wanajaza patogramu (ile chati ya kufuatilia uchungu), wanapokea mtoto, wanamkausha, mkunga mzoefu kasimama pembeni anawaelekeza kwa macho. Alfajiri wanatoka wamechoka ila wanatembea kama watu wazima.

Kwahiyo ukipata orodha yako ya vyuo, tafuta mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa kila chuo, hawakosekani, muulize mnaenda hospitali gani, mnakuwa wangapi kwenye wodi moja, vyuo vingapi vinagombania wodi ile ile, kanula (ile ya mshipani ya kupitishia dripu) ya kwanza ulimwekea mgonjwa ukiwa mwaka wa ngapi, anaekusimamia wodini ni mwalimu wenu au mnaachiwa muuguzi wa zamu ambae ana wagonjwa arobaini. Muulize pia nauli ya kwenda na kurudi, maana chuo kikiwa mbali na hospitali zinaisha hela hujajua zimeendea wapi. Majibu ya huyo mwanafunzi yana thamani kuliko picha za geti kwenye tovuti.

Kwa wewe uliye Kahama mi naanza kuitazama Bugando, chuo kipo ubavuni mwa hospitali pale mlimani Mwanza, na ile ndo hospitali ya rufaa ya kanda nzima ya ziwa, wagonjwa wanatoka Kagera, Geita, Mara, Simiyu, mpaka kwenu Shinyanga, hutakosa cha kujifunza. KCMC ya Moshi nayo ina chuo na hospitali sehemu moja, zote mbili hospitali zilifunguliwa 1971 na zimelea manesi wengi sana. Hizi zina asili ya makanisa, kwahiyo ada iko juu kuliko chuo cha serikali. Ukitaka serikali iko UDOM, yaani Chuo Kikuu cha Dodoma, wanafunzi wa pale wanatumia hospitali ya Benjamin Mkapa na ile ya mkoa. Sikuchagulii. Nakwambia tu kwamba ningekuwa na pointi 7 na gunia moja ningeweka UDOM, ningeweka Bugando, halafu ya tatu ndo ningempa mjomba.

Ada usiifikirie peke yake bila bodi ya mkopo. Ombi la mkopo ni lingine kabisa, halijiendi lenyewe ukishaomba chuo, na cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe RITA (wale wa usajili wa vizazi na vifo), hilo lianze wiki hii maana watu wanakwama hapo. Na usitegemee kwamba mkopo utafunika ada yote ya chuo binafsi, kaeni chini na mama mpige hesabu kana kwamba utapewa kidogo.

Shangazi sasa. Usimjibu vibaya, anawaza wadogo zako. Diploma ni miaka mitatu, digrii ni minne na juu yake mwaka wa intanshipu (mazoezi ya kazi hospitalini), kwahiyo ni kweli diploma inakuingiza kazini mapema. Tofauti inakuja kwenye muundo wa ajira za serikali, wa diploma anaanza kama Afisa Muuguzi Msaidizi, wa digrii anaanza Afisa Muuguzi, na mshahara unaachana. Wote wanasajiliwa na baraza lile lile la wauguzi na wakunga na mgonjwa anawaita wote sista. Wewe una sifa za digrii mkononi, mi ningejaribu digrii raundi zote kwanza (TCU huwa wanafungua dirisha zaidi ya mara moja, ukikosa la kwanza angalia wapi nafasi zimebaki), diploma ibaki kama mlango wa nyuma ulio wazi.

La mwisho, na hili naomba ulisikie vizuri kwa sababu limenikuta nyumbani kwangu. Mtoto wa dada yangu aliombewa chuo na kijana wa stesheneri, akalipa hela yake, kijana kwa kuharakisha akaweka namba yake mwenyewe ya simu na imeili yake. Majina yalipotoka mtoto amechaguliwa vyuo viwili, kodi (namba maalumu) ya kuthibitisha chuo kimoja ikaenda kwa yule kijana, ambae simu ilikuwa imeharibika na duka amefunga kaenda msibani. Tumekimbia huku na huku, dirisha likafungwa. Alilia mpaka nikaogopa. Kwahiyo kaa nae pale kwenye kompyuta, hakikisha ni namba YAKO, laini iliyosajiliwa kwa jina lako na hutaitupa, na jina liandikwe kama lilivyo kwenye matokeo ya NECTA herufi kwa herufi. Neno la siri liandike kwenye daftari umpe mama akutunzie.

Salaam aleikum dada. Mimi ni mzee niko Kisauni, Mombasa. Binti yangu amepata B kwenye KCSE (mtihani wa mwisho wa sekondari huku Kenya), ana jumla ya pointi 60, Bayolojia B, Kemia B-, Hesabu B-, Kiswahili B+. Ataka uuguzi. Nimeingia ile tovuti ya KUCCPS (wanaowapangia wanafunzi vyuo) na yeye, chuo kimoja chaonyesha mwaka jana kilifunga 38, chengine 33. Sasa yeye ana 60, mbona hiyo 38 si kitu? Ama nimesoma vibaya? — Baba yake Mwanakombo

Waaleikum salaam baba yangu. Hujasoma vibaya, ni namba mbili tofauti zinafanana sura. Hiyo 60 ni jumla ya masomo saba. Ile 38 ni pointi za klasta, yaani za kundi la masomo yanayotakiwa na kozi, na hizo mwisho wake ni 48. Hesabu yake iko hivi, unachukua masomo manne ya klasta ya uuguzi, yake ni 9, 8, 8 na 10, jumla 35, unagawa kwa 48. Halafu ile 60 unagawa kwa 84. Hayo majibu mawili unayazidisha, unatafuta kipeuo cha pili, ukishapata unazidisha kwa 48. Binti yako anatoka na 34.6 hivi. Kwahiyo kile cha 33 mwaka jana angeingia, kile cha 38 asingeingia.

Nasema mwaka jana kwa makusudi. Ile namba ni ya mtoto wa mwisho aliyeingia, sio ukuta uliojengwa. Mwaka huu wakiomba wengi wenye alama nzuri inapanda, nafasi zikiongezwa inashuka. Mimi ningemwambia aweke chuo kimoja kilichompita kidogo, tuseme cha 35 au 36, nyingine ziwe za 33 kwenda chini, asijaze zote za juu kwa sababu ya jina. Sifa ya chini ya digrii anayo kwa sababu wanataka C+ kwa jumla na C+ kwenye yale masomo yake.

Kabla hajabonyeza, ingia kwenye orodha ya Baraza la Wauguzi la Kenya uone kama chuo na ile kozi vimeidhinishwa, maana mwanafunzi lazima apewe namba ya baraza akiwa bado chuoni, na kwenye chuo kisichotambuliwa hapati, miaka minne inapotea. Na KMTC (chuo cha serikali cha mafunzo ya afya) usiifute kwenye mazungumzo mzee wangu, diploma ya pale wanataka C, yeye yuko juu yake, na akishaanza kazi anaweza kurudi kuchukua digrii. Ila kama moyo wake ni digrii mwache ajaribu, alama zake zinamruhusu.

Dada habari za kazi. Mimi ni muuguzi wa diploma, nipo zahanati huku Namtumbo mwaka wa nne sasa, GPA yangu (wastani wa alama za chuo) 3.2. Nataka digrii lakini fomu siksi sikwenda kabisa. Je nitashindana vipi na watoto wa PCB? — Sista wa Zahanati

Nzuri mpendwa, na pole na kazi, najua zahanati wewe ndo kila kitu, dawa wewe, chanjo wewe, usiku mama akija na uchungu wewe tena. Hushindani nao kwa pointi, wewe unaingia kwa mlango wa diploma, wanaangalia GPA isipungue 3.0 na vyeti vyako vya kidato cha nne, kwahiyo vitafute vyote na leseni yako iwe hai, haijaisha muda. Kinachowaangusha wengi sio GPA, ni ruhusa. Mtu anaomba chuo kimya kimya, anachaguliwa, anakwenda kwa mkurugenzi wa halmashauri wiki ya kufungua chuo, anakuta jina lake halipo kwenye mpango wa mafunzo, anabaki kuchagua kati ya ajira na shule. Wewe mwambie mganga mfawidhi wako na muuguzi mkuu wa wilaya SASA HIVI, jina liingie kwenye mpango, barua ya kuomba ruhusa iwe na muhuri wa kupokelewa na nakala ubaki nayo. Ile miaka minne ya zahanati chuoni utaona faida yake, wenzako wataogopa kumshika mgonjwa wewe utakuwa umeshamshika.

Sista mambo vipi. Nimechaguliwa vyuo viwili vyote uuguzi, kimoja cha serikali mbali na kwetu, kimoja binafsi hapa hapa Dar karibu na nyumbani. Mimi ni mvulana, washkaji wananicheka eti nesi wa kiume. Sijathibitisha mpaka leo, nifanyeje? — Kijana wa Mbagala

Poa mdogo wangu. Kama barua hii umeituma na bado hujathibitisha, acha kusoma hapa kwanza uangalie tarehe ya mwisho kwenye tangazo la TCU, halafu urudi.

Umerudi? Haya. Kuhusu washkaji, siku baba wa mmoja wao akilazwa, hawezi kujigeuza, anaona aibu kusafishwa na binti wa umri wa mwanae, atakuuliza wewe uko zamu saa ngapi. Nimeliona hilo wodi ya wanaume mara nyingi sana, mzee anangoja kimya mpaka zamu ya yule braza ifike ndo aombe msaada.

Kuhusu chuo, umesema kimoja kiko karibu na nyumbani ila hujasema hospitali gani mtafanyia mazoezi, wala kama nyumbani wanaweza ada ya binafsi miaka minne mfululizo. Wapigie leo wanafunzi wa vyuo vyote viwili na yale maswali niliyompa binti wa Kahama. Kama hela ni ya kuungaunga mi nakushauri cha serikali hata kama ni mbali, maana nimeona wengi wanaanza binafsi vizuri na mwaka wa tatu wanazuiwa mtihani kwa ada. Kodi ikigoma au haijaja, ingia kwenye akaunti yako ya chuo uombe itumwe upya, usisubiri siku ya mwisho mtandao unakuwa mzito. Ukishathibitisha piga picha ile skrini uitunze, na wapigie ofisi ya udahili ya chuo ulichochagua uhakikishe jina lako wanaliona.